Bao, Kompyuta Kuukuu na Elimu ya Kujitegemea

Utangulizi

Mwaka 1974 mambo mawili yalitokea nchini mwetu ambayo si desturi kuyataja pamoja. Mwezi Novemba Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo mwaka 1977, na masomo ya darasani yafungamane na kazi. Mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nchi za nje, baada ya hesabu za Wizara ya Fedha, zilizokuwa zimekabidhiwa mashine, kuvurugika. Jambo la kwanza liliwafungulia watoto mlango wa shule. Jambo la pili liliifanya kompyuta kuwa kitu cha kusikika tu kwa kizazi kizima cha wanafunzi na walimu wao.

Makala hii haikusudii kulaumu uamuzi wa mwaka 1974, ambao ulikuwa na sababu zake. Nakusudia kutetea hoja moja ya ufundishaji: kwamba kompyuta ndogo za nyumbani za miaka ya 1980, michezo yake, na vifaa vipya vinavyoundwa leo ili kuzifufua, vina funzo kubwa kwa mwalimu wa Tanzania kuliko chumba kilichojaa kompyuta mpya zisizoguswa. Nasema haya nikiwa mwalimu ninayeishi Makoko, na nikiwa mtu aliyekwisha kufanya kosa ambalo nitalieleza mbele.

Mashine tulizozikosa

Mwezi Aprili 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum. Ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa kwa pauni 125, na ile ya kilobaiti 48 kwa pauni 175. Haikuwa na kioo chake. Iliunganishwa na televisheni ya nyumbani. Haikuwa na mahali pa kuhifadhia kazi. Ilitumia kicheza kaseti cha kawaida, kilekile cha kuchezea nyimbo. Mwaka huohuo Marekani ilitoa Commodore 64, na mwaka 1983 Japani ikatoa Famicom ya Nintendo, chombo kilichoundwa kwa ajili ya michezo.

Jambo la kuangaliwa na mwalimu ni jinsi Spectrum ilivyompokea mtumiaji wake. Ukiiwasha, baada ya nukta chache ilikuwa tayari, ikingoja amri. Haikumwonyesha mtoto picha za kuchagua, ilimtaka aandike. Lugha yake ilikuwa BASIC, ambayo John Kemeny na Thomas Kurtz waliitunga mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wasio wanasayansi. Mtoto wa miaka kumi aliweza kuandika mistari mitatu na kuona jina lake likijaa kwenye televisheni ya baba yake. Kesho yake aliandika mistari kumi. Baada ya miezi alitaka kuunda mchezo kama ule alioucheza, na hapo ndipo alipokutana na hesabu, kwa hiari yake mwenyewe.

Sisi hatukuipata hatua hiyo. Marufuku ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba, ukiiacha Zanzibar iliyokuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, Tanzania Bara haikuwa na matangazo ya televisheni mpaka mwaka 1994. Kompyuta inayotegemea televisheni ingefanya nini katika nyumba isiyo na televisheni? Kompyuta ilipotufikia hatimaye, ilikuja ikiwa kubwa, imefungwa, na kazi yake imekwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Tulifundishwa kuitumia. Kuiamuru hatukufundishwa.

Mfano wa Yugoslavia

Msomaji anaweza kusema kwamba nchi maskini, au nchi iliyozuia bidhaa za nje, haina njia nyingine. Historia inatuonyesha vinginevyo. Yugoslavia, rafiki yetu wa siku zile katika Umoja wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, nayo ilikuwa na vizuizi vikali vya kuingiza kompyuta. Mwaka 1983 fundi mmoja, Voja Antonić, alibuni kompyuta iitwayo Galaksija ambayo mtu angeweza kuiunda mwenyewe nyumbani. Michoro yake ilichapishwa katika gazeti la sayansi lenye jina hilohilo, na maelfu ya wasomaji wakaiunda.

Tena programu zake zilirushwa kwa redio. Kwa kuwa programu ilihifadhiwa kwenye kaseti kama sauti, Redio Belgrade iliweza kuitangaza hewani; msikilizaji aliirekodi ile milio, kisha akaichezesha kwenye mashine yake, na programu ikaingia. Walimu wa rika langu hawatashindwa kuikumbuka kampeni yetu ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo. Redio tulikuwa nayo, vikundi tulikuwa navyo, na mbinu tulikuwa nayo. Tulichokikosa ni kitu cha kuunganisha mbinu ile na mashine.

Kosa langu

Zile mashine za Kijapani zilitufikia baadaye kwa mlango wa nyuma. Kuanzia miaka ya 1990, televisheni ilipoenea, maduka ya mijini yaliuza vyombo vya bei nafuu vilivyoiga Famicom, vyenye pedi mbili na kaseti ya rangi ya manjano iliyodai kuwa na mamia ya michezo. Watoto waliviita gemu tu. Vibanda vikafunguliwa; mtoto alilipa sarafu akacheza zamu yake.

Katika shule moja niliyofundisha nikiwa kijana, palikuwa na mvulana aliyechelewa mara kwa mara. Siku moja nilimkuta na chombo cha gemu ndani ya mfuko wake wa madaftari. Kilikuwa kimefunguliwa tumbo, na nyaya zake zimefungwa kwa uzi na vipande vya karatasi. Nilimwuliza alikiiba wapi. Alijibu kwamba kilikuwa kimekufa, kimetupwa na mwenye kibanda, naye alikuwa akikifufua. Sikumwamini. Nilimchapa, nikakifungia chombo kile kabatini, na kabla ya muhula kwisha mvulana alikuwa ameacha shule.

Ilipita miaka mingi. Siku moja nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale Mwigobero. Kijana aliyeinama juu ya meza, na chuma cha kulehemu mkononi, aliinua uso akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia. Aliitengeneza simu yangu, akakataa kupokea fedha. Nilipoinuka kuondoka, aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, ile gemu yangu bado ipo?"

Sikuwa na jibu. Chombo kile kilitupwa zamani pamoja na makabati mabovu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kila mwalimu anapaswa kujiuliza: mtoto yule alikuwa akicheza, au alikuwa akisoma? Nami nilipomchapa, nilikuwa nikilinda elimu, au nilikuwa nikilinda ujinga wangu mwenyewe juu ya kitu alichokishika?

Vifaa vipya kwa mashine kuukuu

Ulimwenguni kote leo wapo watu wanaozitunza na kuzifufua mashine zile. Wamegundua kwamba kinachokufa mara nyingi si akili ya mashine bali viungo vyake vya pembeni: kapasita huvuja, kaseti huchakaa, na vipozea umeme huharibika. Adapta ya umeme ya Commodore 64, kwa mfano, hujulikana kwa kuzeeka vibaya hata ikapeleka umeme mwingi kupita kiasi na kuunguza chipu. Kwa hiyo wameunda viungo vipya. Badala ya kaseti, huweka kifaa kinachosoma kadi ya kumbukumbu kama zile za simu, nayo programu iliyohitaji dakika kadhaa kuingia huingia kufumba na kufumbua. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakatumia chipu ambayo mpangilio wake wa ndani huandikwa upya ili iige chipu ya zamani. Ndivyo ilivyoundwa ZX Spectrum Next, iliyochangiwa fedha na wapenzi wake mwaka 2017 na kuwafikia mwaka 2020.

Michezo mipya nayo inaendelea kutungwa. Mwaka 2019 kikundi kidogo cha Ujerumani, Morphcat Games, kilitoa Micro Mages, mchezo mpya wa chombo cha Nintendo. Mchezo wote una kilobaiti 40, sawa na Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Picha moja unayopiga kwa simu yako ina ukubwa mara nyingi kuliko huo. Ndani ya nafasi ile ndogo watungaji waliingiza ngome, maadui, muziki na wachezaji wanne. Hawakuweza kufanya hivyo ila kwa kupima kila baiti, kama mama apimaye unga wa mwisho wa mwezi.

Sipendekezi kwamba shule zetu zinunue Spectrum za mwaka 1982. Zimekuwa adimu, na wakusanyaji wa Ulaya wamezipandisha bei. Ninachopendekeza ni moyo wake. Mwaka 2012 wahandisi wa Cambridge, Uingereza, walitoa Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi, kwa dola 35 za Marekani. Sababu yao ilikuwa ya kielimu: waliona vijana waliokuja kuomba kusoma kompyuta chuoni wamekuwa hodari wa kuitumia lakini hawajui kuiamuru, tofauti na wale waliolelewa na mashine za miaka ya 1980. Kama Uingereza, iliyokuwa na mashine zile katika nyumba zake, iliona pengo hilo, sisi tuseme nini? Zaidi ya hayo, hata kompyuta iliyochakaa ya ofisi ya mwalimu mkuu inaweza kuigiza Spectrum kwa programu ndogo, bila intaneti.

Somo la bao na miraba minane

Sasa nieleze somo lenyewe, maana hoja ya ufundishaji isiyofika darasani haitufai. Somo hili nimelijaribu, na sehemu yake kubwa haihitaji umeme.

Hatua ya kwanza ni bao. Kila mwalimu anajua kwamba bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kwa wanaoanza tunatumia bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili. Tunachimba mashimo chini ya mti. Mwanafunzi mmoja anakuwa mashine: haruhusiwi kufikiri, bali kutii yaliyoandikwa tu. Wenzake wanaandika amri kwenye karatasi. Kwa siku ya kwanza naacha habari ya kula kete za mwenzako. Nataka wanieleze kusambaza tu.

Karibu kila kikundi huanza hivi: "Chukua kete, gawa moja moja." Mwanafunzi-mashine husimama. Achukue za shimo lipi? Aelekee upande gani? Akifika mwisho wa safu afanyeje? Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, je? Wanarekebisha, wanasoma tena, mashine inakwama tena. Mwisho wanafika kwenye amri kama hii: chukua kete zote za shimo hili; dondosha moja katika kila shimo linalofuata; kama shimo la mwisho lilikuwa na kete, zichukue zote na uanze tena; kama lilikuwa tupu, lala. Hapo wamekwisha kuandika kile ambacho waunda programu hukiita kitanzi, pamoja na sharti la kukikomesha, nao hawajaona kompyuta.

Kisha nawauliza: je, upo uwezekano wa kusambaza kusikokwisha? Wanacheka. Lakini watafiti wa bao, akiwamo Alexander de Voogt aliyejifunza kwa mabingwa wa Zanzibar, wameandika kwamba hatua zisizo na mwisho zinaweza kutokea katika bao. Tatizo hilohilo ndilo linaloifanya kompyuta igande. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini kete zinaweza kuzunguka bila kulala ameelewa jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta hawajalielewa maisha yao yote.

Hatua ya pili ni kuhesabu nafasi. Shimo moja linatosha baiti moja. Bao zima ni baiti 32. Spectrum ya kilobaiti 48 ilikuwa na baiti 49,152. Wagawe. Watapata 1,536: yaani kama kumbukumbu ingekuwa tupu kabisa, mashine ile ndogo ingeweza kukumbuka hali 1,536 za ubao. Nimeona wanafunzi wanaochukia kugawanya wakigombania kalamu ili waone jibu.

Hatua ya tatu ni kuchora kete. Katika Spectrum mchoro mdogo mmoja ulikaa katika miraba 8 kwa 8. Daftari la hesabu linatosha. Juu ya miraba tunaandika 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mraba uliotiwa wino unahesabiwa, mweupe hauhesabiwi. Mstari wa juu wa kete una miraba minne ya katikati iliyotiwa wino: 32 na 16 na 8 na 4, jumla 60. Mstari wa pili una miraba sita, jumla 126. Minne ya katikati imejaa, kila mmoja 255. Kisha 126, kisha 60. Kete imekuwa namba nane. Baada ya hapo watoto wa hapa Makoko huchora wenyewe samaki, mtumbwi na tanga, kisha hupeana namba bila picha, na kila mmoja hujitahidi kuufumbua mchoro wa mwenzake. Hili ni somo la vizio vya mbili ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikiliandika ubaoni na kulifuta likiwa halijaingia katika kichwa cha mtu.

Hatua ya nne tu ndiyo inayohitaji mashine. Namba nane zikiingizwa, kete inatokea kwenye kioo. Mwanafunzi aliyechora mtumbwi wake akauona ukisogea haombi kuelezwa tena umuhimu wa hesabu.

Pingamizi

Yapo mapingamizi ambayo ni haki kuyajibu.

Kwanza, husemwa kwamba michezo inawapotezea watoto muda na kuwaingiza katika kamari. Hofu hii ni ya kweli. Mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zimeingia mpaka mitaani, na hakuna mwalimu anayeweza kuzitetea. Lakini mashine ya kamari imeundwa ili mtoto asijue kinachoendelea ndani yake. Somo ninaloeleza linafungua tumbo la mashine. Mtoto aliyeandika mwenyewe amri ya kubahatisha namba atajua kwamba mwenye mashine ndiye aliyeamua nani ashinde.

Pili, husemwa kwamba waajiri wanataka vijana wajue programu za ofisi za leo. Ni sawa, na zifundishwe. Lakini programu hizo hubadilika kila baada ya miaka michache. Kitanzi na sharti havijabadilika tangu kabla ya Azimio la Arusha.

Tatu, husemwa kwamba mwalimu mwenyewe hajui. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, nami nalikubali. Nimeona shule iliyopewa kompyuta za msaada zikafunikwa kwa vitambaa, chumba kikafungwa kwa kufuli, kikafunguliwa wageni walipokuja. Hazikufungiwa kwa ubaya. Mwalimu aliogopa kuzigusa asije akaziharibu, kwa sababu hakuna aliyejua kuzitengeneza. Hofu hiyo haitibiwi kwa kuletewa kompyuta nyingine kumi. Hutibiwa kwa mashine ambayo mwalimu anaweza kuifungua, kuiharibu, na kuitengeneza tena kabla ya wiki kwisha.

Mapendekezo

Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, inasisitiza stadi na ufundi. Huu ni wakati mwafaka wa kujaribu. Napendekeza mambo matatu.

Mosi, katika vyuo vya ualimu, somo la kompyuta lianzie chini ya mti kwa bao na daftari la miraba, kabla ya mwanachuo kuingia katika chumba cha mashine. Anayekwenda kufundisha shule isiyo na umeme asitoke chuoni akiamini kwamba hana la kufundisha.

Pili, kila chuo kiwe na meza moja ya kufungulia na kufufulia vyombo vilivyokufa: gemu, redio, kompyuta za zamani. Mkufunzi wa meza hiyo si lazima awe na shahada. Mafundi wa mitaani waalikwe. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ulituonya dhidi ya kudhani kwamba elimu yote ya maana inapatikana katika vitabu au kwa watu waliosoma. Naye ni mzaliwa wa Butiama, jirani zetu.

Tatu, mwalimu anayemkuta mtoto na chombo kilichofunguliwa amwulize kwanza anatengeneza nini, na aketi kusikiliza jibu lake.

Hilo la tatu halihitaji bajeti wala waraka wa Wizara. Kuhusu yale mawili ya kwanza, nimekwisha kuzungumza na yule fundi wa Mwigobero, naye amekubali kuja Makoko Jumamosi moja kila mwezi, pamoja na chuma chake cha kulehemu. Aliniomba jambo moja tu: kwamba watakachokifungua wanafunzi kisifungiwe kabatini. Nimemwahidi. Naomba walimu wenzangu waliojaribu masomo ya namna hii, yakafaulu au yakashindwa, watoe maelezo yao katika matoleo yajayo ya jarida hili.